Tuonje Tumbako Yetu Mbele ya Mnunuzi

*Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wetu wa uwanja kwenye mkutano wa wanachama wa Kasongo na Kabambare. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu.*

 

Komite iliniomba niseme juu ya tumbako. Najua wengine wenu walicheka. Mzee mmoja pale mlangoni aliniambia, "Mwanangu, wewe havuti hata sigara, utatufundisha nini juu ya kiko?" Ni kweli, mzee wangu, mimi sivuti. Na sikuja kumfundisha mtu kuvuta. Nimekuja kusema juu ya jambo moja ambalo linatupotezea pesa katika depo yetu, na ambalo dawa yake iko humu humu ndani ya nyumba hii, katika pua na midomo ya wazee kama yeye.

Jambo lenyewe mnalijua. Mnunuzi anafika na mizani yake. Anafungua kiloba kimoja, anaingiza mkono, anatoa majani mawili matatu, ananusa. Anasema, "Hii imeshika moshi." Ama anasema, "Hii ina maji." Kisha anataja bei, na bei hiyo inakuwa ya viloba vyote. Sisi tunanyamaza. Tunanyamaza kwa sababu hata sisi hatujui ndani ya kiloba muko nini. Tumbako ya mama aliyekausha vizuri kivulini, wiki kwa wiki, tumeitia pamoja na ya kijana aliyevuna haraka kwa sababu alikuwa na mgonjwa nyumbani, na pamoja na ile iliyonyeshewa njiani. Vyote kiloba kimoja, kamba moja. Basi mnunuzi analipa bei ya jani baya kuliko yote, na yule mama anabeba hasara ya watu kumi.

Mwaka huu wamama watatu wa upande wa Kabambare walisema wazi kwamba hawataleta tena tumbako kwenye depo, wataiuza wenyewe barabarani. Mimi siwalaumu. Lakini wakiondoka wenye majani mazuri, depo itabaki na majani gani? Na kesanduku chetu cha kusaidiana, cha matibabu na cha misiba, kinakula kwenye asilimia ya depo. Depo ikifa, kesanduku nacho kinakufa.

Sasa nitawapeleka mbali kidogo, mpaka Uingereza, halafu tutarudi.

Waingereza wana desturi ya zamani ya tumbako ya kiko. Wanaita mchanganyiko. Si jani moja, ni majani ya namna mbalimbali yaliyokatwa na kuchanganywa kwa kipimo. La kwanza ni Virginia, jani lenye sukari, linalonuka kama majani makavu ya mavuno. La pili ni lile la upande wa Uturuki na Ugiriki, jani dogo lililokaushwa juani, lina uchachu kidogo na manukato yake. La tatu ndilo linalotuhusu zaidi sisi. Linaitwa Latakia, kwa jina la bandari moja ya Siria, na siku hizi linatoka zaidi Kipro. Jani hilo linatundikwa juu ya moto wa kuni na vichaka vyenye harufu, moshi unalipiga muda mrefu mpaka linakuwa jeusi. Ukilinusa, ni kama samaki wetu wa Lualaba aliyekaa juu ya uchaga wa moshi. Watu wa biashara ile husimulia kwamba ilianza hivi: mavuno yalikosa mnunuzi, wakulima wakayaacha darini nyumbani, moto wa jiko ukayapaka moshi, na kumbe mtu alipovuta akaona ni tamu. Ikiwa hadithi ni ya kweli ama ya kupambwa, sijali sana. Ninachotaka mkisikie ni kwamba kuna watu duniani wanalipa pesa nzuri kwa tumbako iliyoshika moshi.

(Hapo watu wengi walicheka, na mama mmoja akasema, "Tumwambie yule wa mizani!")

Ngoja kwanza, mama. Usimkimbilie. Kuna moshi na kuna moshi. Moshi wa Latakia umewekwa kwa makusudi. Wanachagua kuni, wanajua siku ngapi, jani lote limepata sawa. Moshi wa jikoni kwetu, leo kuni za mwembe, kesho maganda, kesho kutwa mtu amemwaga mafuta ya mawese motoni, huo haueleweki. Jani moja limenuka nyama, la pili limenuka masizi. Mnunuzi anaposema "imeshika moshi" anasema kweli, ila anasema nusu. Nusu nyingine ni juu yetu kuijua. Huko Malawi na kule Ruvuma, Tanzania, wanalima tumbako inayoitwa kabisa tumbako ya moshi, inakaushwa kwa moto wa chini kwa chini, na ina soko lake na daraja zake. Kwa hiyo moshi si aibu, mradi umeupanga wewe mwenyewe.

Turudi kwa Waingereza. Kwa nini mchanganyiko wao ulisifiwa? Kwa miaka mingi sheria yao ilibana sana habari ya kutia sukari na manukato ndani ya tumbako. Yule mchanganyaji hakuwa na njia ya kuficha jani baya chini ya harufu ya vanila. Alibaki na majani tu. Ikabidi alijue kila jani peke yake kabla ya kulioza na lingine. Alijua hili linaleta utamu, hili linaleta nguvu, hili likizidi linaua mengine yote. Latakia ni hivyo, ukiizidisha hunusi kitu kingine tena, ni kama kutia pilipili nyingi kwenye sombe.

Kuna bwana aliyeitwa Alfred Dunhill. Mwaka 1907 alifungua duka lake London, mtaa wa Duke Street. Mteja alikuwa anaingia, anasema anapenda nini, wanamchanganyia, wanampa aonje, wanapunguza hiki wanaongeza kile. Ikimpendeza, kipimo kinaandikwa kwenye daftari kwa namba. Siku akirudi, hata baada ya mwaka, wanafungua daftari na kumtengenezea ile ile. Mchanganyiko mmoja wa daftari lile, namba 965, umevutwa duniani kote. Sasa mimi, kama mtu wa makaratasi, kilichonivutia hapo ni lile daftari. Ladha ni kitu cha mdomoni, kinapita. Wao walikikamata kwa namba na kwa wino.

Sisi tunachofanya depo si kuchanganya. Tunavuruga. Kuchanganya ni kazi ya mtu anayejua kila kitu alichonacho. Kuvuruga ni kumwaga tu. Ndiyo maana pendekezo langu la kwanza si kuonja, ni kutenganisha. Kila mwanachama tumbako yake ikae peke yake mpaka imepimwa. Majani ya chini ya mti yasikae na ya katikati wala ya juu, kwa maana ya chini ni mepesi na yana mchanga, ya juu ni mazito na makali. Wazee mnalijua hili kuliko mimi, lakini nimeona viloba, na viloba havilijui.

Ndugu zangu mliokaa Tanzania mnanielewa haraka. Wengi wenu mlikuwa Nyarugusu tangu 1996, wengine Lugufu mpaka ilipofungwa 2009, na mnajua upande wa Kigoma na Tabora tumbako ni zao kubwa. Baadhi yenu mlifanya kibarua katika mashamba ya wenyeji, na mliona soko lao. Mkulima anapanga majani kwa daraja yeye mwenyewe nyumbani, anafunga robota, halafu siku ya soko anakuja mteuzi. Mteuzi hanunui. Kazi yake ni kuangalia, kushika, kunusa na kusema hili daraja gani. Bei ya kila daraja imeshajulikana mbele ya msimu. Sisemi mfumo ule hauna manung'uniko, mlisikia wenyewe wakulima wakilalamika kwamba wameshushwa daraja. Lakini angalia kitu kimoja tu: mkono unaopima si mkono unaolipa. Kwetu hapa ni mkono mmoja, na ni wa mnunuzi.

Mwezi uliopita tulijaribu, wazee watatu wanaovuta kiko, mama mmoja mtu mzima anayenusa tumbako ya pua, na mimi na karani tukiandika. Nitaeleza tulivyofanya kwa urefu kidogo, kwa sababu wengine walifikiri tulikaa tu tukavuta mali ya chama.

Tulichukua mafungu matano kutoka kwa wanachama watano. Tuliyapa namba, hakuna jina. Hata mimi sikujua namba ipi ni ya nani, karani peke yake ndiye aliyejua. Hii ni lazima, wazee wangu. Mtu akijua tumbako ni ya shemeji yake, ulimi wake unaanza kuwa na heshima.

Tulianza kwa mikono. Jani likikunjwa, linarudi ama linavunjika? Likivunjika kama karatasi, limekauka kupita kiasi, litakuwa vumbi kabla ya kufika Kindu. Likikunjika na kubaki hivyo hivyo, likiacha unyevu kidoleni, lina maji, na ndani ya wiki litaota ukungu. Zuri ni lile linalojikunjua polepole kama ngozi laini. Kisha tulivunja mshipa wa kati. Jani linaweza kuwa kavu na mshipa bado una maji, na ukungu unaanzia hapo hapo. Katika matano, mawili yalikuwa hivyo, na kwa macho yalikuwa mazuri kuliko yote! Hilo lilitushangaza.

Halafu pua. Yule mama alitusaidia sana hapa, maana wavuta kiko pua zao zimechoka kidogo, wataniwia radhi. Alinusa fungu la kwanza akasema, "Hii ni majani mabichi." Tulipotazama kwenye mwanga tuliona kweli kuna rangi ya kijani imejificha. Jani likikaushwa haraka kwenye jua kali linakufa likiwa kijani, na ule ukijani hautoki tena. Ukilivuta, linachachamaa kama majani ya shambani. Fungu la tatu alisema linanuka mkojo. Watu walicheka, lakini ndiyo lugha sahihi. Tumbako nzito ikiwa bado changa hutoa harufu ile ya kuchoma pua, na ikikaa imefungwa miezi inapungua yenyewe. Kwa hiyo fungu la tatu si baya, ni la kusubiri. Mnunuzi angelinunua kama takataka, angeliweka kwake miezi michache, na kuliuza kama asali.

Kisha moto. Tuliweka kipande cha kila jani juu ya kaa dogo. Jani zuri linashika moto bila kuwaka, linatembea polepole, linaacha majivu ya kijivu au meupe yanayoshikana. Jani baya linazimika, ama linalia kama chumvi, na majivu yake ni meusi. Udongo na mbolea vina neno hapa. Udongo wenye chumvi chumvi unaharibu kuwaka kwa jani.

Mwisho ndiyo kuvuta. Asubuhi, mbele ya kula, na maji ya kusukutua katikati. Kila tumbako na kiko chake, kwa sababu kiko kinashika harufu ya jana. Vya udongo ni vizuri zaidi, unavitia motoni vinachomeka na kuwa safi. Tumbako zote zilikatwa upana mmoja na kuachwa chumba kimoja usiku kucha ili unyevu uwe sawa. Bila hivyo unapima maji, hupimi jani. Na wazee waliambiwa wavute polepole, bila kumeza moshi. Mvutaji mwenye haraka anachoma ulimi wake halafu analaumu tumbako. Ulimi kuumwa kunatoka sana kwenye unyevu na haraka, si kila mara kwenye jani.

Kila mmoja alisema peke yake, nje, kwa karani, kabla ya kusikia wenzake. Hapa ndipo tulipopata shida ya maneno. "Nzuri." "Si mbaya." "Hii ni tumbako." Mzee mmoja alisema tu, "Hii inanikumbusha marehemu babu." Ni sifa kubwa sana, lakini karani hakujua aiandike kwenye mstari gani. Basi tulikaa chini na kutafuta maneno yetu wenyewe. Tulipata: tamu kama ndizi iliyoiva, kavu kama udongo wa ukuta, kali kooni, kali kichwani (hivi ni vitu viwili tofauti, wazee walisisitiza), ya moshi safi, ya moshi wa masizi, ya kijani, ya kusubiri. Maneno manane tu. Nayapenda kuliko makaratasi yote niliyosoma juu ya jambo hili, kwa sababu mama wa Kabambare akiambiwa "tumbako yako ni ya moshi wa masizi" anajua mara moja aende akahamishe uchaga wake.

Wale wazee watatu walipatana juu ya mafungu manne kati ya matano. La tano waligombana mpaka chai ikapoa. Karani alipofungua majina, fungu lililopata sifa kuliko yote lilikuwa la mmoja wa wale wamama watatu wanaotaka kuondoka.

Sasa naja kwenye neno gumu, na hili nawaambia pia wafadhili wetu watakaosoma. Mmeniuliza, kwa barua na kwa simu, kwa nini chama cha kusaidiana kinashughulika na tumbako, kitu kinachoua. Swali ni la haki. Tumbako inaleta kansa ya mdomo, ya koo, ya mapafu, na kiko hakimponyi mtu eti kwa kuwa ni cha asili. Nchi yetu imo katika mkataba wa OMS wa kuzuia tumbako. Lakini mkataba ule ule, katika kifungu cha 17, unasema wakulima wa tumbako wasaidiwe kupata kazi nyingine zinazolipa. Hausemi watupwe. Mtu aliyerudi kutoka kambini akakuta shamba lake limekuwa msitu na mchikichi wake umekatwa, tumbako ilimpa pesa ya kwanza. Haiozi haraka kama muhogo mbichi, inabebeka kwa kinga. Atahamia kwenye mpunga na karanga akiwa na mtaji, na mtaji wake leo ni yale majani darini. Akiibiwa kwenye mizani, mwaka kesho atapanda tumbako zaidi ili afidie. Mimi nimeliona hilo kwa macho. Pesa za mradi hazinunui mbegu ya tumbako wala hazitanunua, na katika hilo nakubaliana nanyi kabisa. Lakini kunyamaza juu ya mavuno yaliyopo tayari hakumpunguzii mtu hata msokoto mmoja.

Kwa sababu hiyo hiyo kuna masharti. Hakuna kijana atakayeitwa kuonja. Asiyevuta hataambiwa avute, atapima kwa mkono, pua na kaa la moto, na kazi hizo tatu zinatosha kwa daraja nyingi. Watoto na wamama wenye mimba wasivune majani yenye umande au mvua. Ule ugonjwa wa kichwa kuzunguka na kutapika baada ya kuvuna si kurogwa. Ni nikotini ya jani lenye maji inayoingia kwa ngozi. Vaeni shati la mikono mirefu, vuneni jua likishakausha majani, na nawieni sabuni.

Komite imekubali haya mpaka mwisho wa msimu. Kila mwanachama ataleta majani kumi kutoka kila fungu lake, yamefungwa kwa kamba, bila jina, na karani atayapa namba. Wapimaji ni wanne, na mwenye fungu siku hiyo hapimi. Matokeo yanaandikwa kwenye daftari kwa yale maneno manane, na mwenye mali anasomewa yake. Asiyeridhika ataleta fungu lile lile mara ya pili chini ya namba nyingine, na wapimaji hawataambiwa. Mnunuzi akifika, atasomewa daftari kwanza, na viloba vitafunguliwa kimoja kimoja kwa daraja. Akikataa, aende. Kuna wengine wanaopita kwenda Samba kwenye treni.

Wale wamama watatu nimeongea nao jana. Mmoja amekubali kuwa mpimaji wa pua. Wawili wamesema wataleta viloba viwili viwili tu, waangalie kwanza. Depo itafunguliwa Jumatano asubuhi, na mizani itakuwa imesahihishwa mbele ya mashahidi wawili kutoka kila upande, Kasongo na Kabambare.